Kiti cha ushauri: nani alikikalia mbele yetu?

Bandugu, siku zilizopita rafiki mmoja tuliyesoma naye agronomi alinipigia simu saa nne ya usiku. Amepata barua. Wanamuomba aingie katika baraza moja la ushauri juu ya misitu na nyama za pori, kama mjumbe wa sosiete sivile. Barua iko na kashe, iko na namba, iko na majina yake yote matatu bila kosa hata moja, kitu ambacho si kawaida hapa kwetu. Swali lake la kwanza: "Yaya, kule banalipaka?"

Nilicheka. Nikamjibu kwamba kawaida ni franga ya transpori tu, na sukre moja ya baridi kama mkutano unapita saa sita ya muchana. Swali lake la pili njo lilinikosesha usingizi: "Sasa kama habalipake, banatuitiaka nini?"

Hilo swali si la mchezo. Nilianza kumjibu kwa ujumbe wa simu, ujumbe ukawa mrefu, nikaona heri niuweke hapa, juu najua wengi wenu mtapata barua ya namna ile siku moja. Wanatafuta vijana wenye lisansi wa kujaza vile viti. Mbele ya kukaa, tuangalie nani alikikalia mbele yetu na alifanya nini juu yake.

Tuanzie mbali. Tarehe 19/6/1900 kulizaliwa kitu kinaitwa Comité Spécial du Katanga, CSK. Ilikuwa kamati ya watu sita. Wanne waliwekwa na Serikali ya Léopold II, wawili waliwekwa na Compagnie du Katanga. Udongo nao uligawanywa kwa hesabu ile ile: theluthi mbili za Serikali, theluthi moja ya kampuni. Watu sita, meza moja, Bruxelles, na kile walichokuwa wanagawanya kilipita Ubelgiji kwa ukubwa zaidi ya mara kumi. Kila mara nikisikia mtu anasema "utawala wa Léopold", namkumbusha kwamba kwetu Katanga haikuwa mfalme peke yake. Ilikuwa bodi. Sisi ni watoto wa jimbo lililotawaliwa na kamati kabla halijakuwa na mji.

Mji wenyewe ulikuja 1910. Reli ikafika mwaka ule ule kutoka kusini, na 1911 tanuru la Union Minière likaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Watu wanapenda kusema Lubumbashi ni mji wa shaba. Ni kweli, lakini mji wa shaba ni mji wa kuni pia. Matofali yanachomwa na kuni, nyumba zinataka mbao, na maelfu ya wafanyakazi wanapika bukari kila siku. Kwa hiyo ukitoka leo na njia ya Kasenga ukaona miti imebaki vijiti vijiti, usifikiri hadithi ilianza na mubaba wa makala uliyempita asubuhi anasukuma kinga yake. Yeye amekuta kazi ilishaanza.

Sasa, wazo la kuweka baraza la kulinda asili halikutoka Katanga. Lilitoka kwa gorila. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley, mtu wa makumbusho ya asili ya New York, alipanda milima ya Virunga, akaua gorila kadhaa ili ngozi zao zijazwe na kuwekwa ndani ya vioo. Kisha nafsi ikamsuta. Akaanza kuomba wale waliobaki wapewe mahali pa kuishi. Alimkuta Mfalme Albert mwenye masikio tayari, kwani mfalme alikuwa ametembelea Marekani mwaka 1919 na kuona mbuga zao. Tarehe 21/4/1925 Parke ya Albert ikaundwa. Leo ni Virunga. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafia kule juu upande wa Mikeno mwezi wa 11, akazikwa kule kule.

Mwaka 1929 parke ikapanuliwa, ikapewa kamisheni ya kuiongoza. Na tarehe 26/11/1934 kamisheni ile ikakomaa ikawa Institut des Parcs Nationaux du Congo Belge. Hapa njo naomba musimame kidogo, juu hiki ndicho babu wa viti vyote vya uhifadhi katika inchi yetu, na mambo mengi tunayoyaona leo yalianzia katika chumba kile.

Mkubwa wake alikuwa Victor van Straelen, mtaalamu wa mabaki ya wanyama wa zamani, mkurugenzi wa makumbusho ya asili ya Bruxelles. Pembeni yake walikaa wanasayansi, wakubwa wa koloni, na hata wanasayansi wa mataifa mengine, kwa sababu Wabelgiji walitaka dunia ione kwamba kazi hii ni ya elimu, si ya siasa. Hapakuwa hata Mkongo mmoja. Si chefu, si mwindaji, si mvuvi, hata karani wa kuandika. Na hakuna aliyeona ni ajabu. Walitafuta sauti kutoka inchi za mbali ili baraza lao liwe la dunia nzima, lakini mtu wa Mitwaba hakuhesabiwa kuwa sehemu ya dunia ile.

Tusiwachafue bure, bandugu. Wale wazee hawakuwa wavivu. Waliamini kitu kimoja kwa nguvu: kwamba iko lazima mahali ambapo mtu haguse kabisa, asili ijiendeshe yenyewe, na mwanasayansi aingie tu kuangalia na kuandika. Waliita réserve naturelle intégrale. Van Straelen huyu, mwaka 1959, akawa rais wa kwanza wa Fondation Charles Darwin ya visiwa vya Galápagos. Kwa hiyo hatuzungumzi mtu mdogo. Bila wazo lile, gorila wa milimani pengine tungewajua katika vioo vya New York peke yake.

Lakini wazo lile lilifika kwetu tarehe 15/5/1939, siku ambayo Parke ya Upemba iliundwa. Tangu pale ramani imebadilishwa, na leo Upemba inahesabiwa hektari 1.173.000. Ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Chukua ramani uangalie: kuna milima ya Kibara na majani yake ya juu, ambako zebra za mwisho za Kongo bado zinakula, kuna maporomoko, na chini kuna maziwa na matete ya Lualaba, yamejaa samaki. Ile chini njo shida ilianzia.

Nkambo wangu upande wa mama alikuwa mtu wa Mitwaba. Alikuwa anasema hivi, na alikuwa anasema bila hasira, kama mtu anaeleza namna mvua ilinyesha: "Ile parke balipimaka na macho, hapana na miguu." Maana yake: kama mupimaji angetembea, angekanyaga shamba la mtu, angepita pa makaburi ya mtu, angeulizwa "unatafuta nini?" Lakini kama unapima kwa macho, kutoka juu ya mlima ao juu ya karatasi, unaona majani tu.

Muniruhusu nitoke njia kidogo, juu hii ni sehemu ninaipenda. Mwaka 1957 na 1958, wakati institut ya Bruxelles ilikuwa inaendelea kuandika vitabu juu ya asili ya Upemba isiyoguswa, watafiti wawili, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walikuwa wanachimba Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde lile lile la Upemba. Walichimbua makaburi. Ndani yake vyungu vizuri vya ajabu, vyombo vya chuma, bangili za shaba, misalaba midogo ya shaba. Watu walikuwa wanaishi, wanavua na wanazikana kule tangu zaidi ya miaka elfu moja. Yaani bonde ambalo baraza moja lilikuwa linaliona kama pori, sayansi nyingine ya wazungu wale wale ilikuwa inalitoa kama mojawapo ya makao ya zamani yanayojulikana vizuri katika Afrika ya kati. Siye tuliosoma udongo tunajua: mahali watu wamevua samaki miaka elfu moja na samaki bado wako, si kwamba watu hawakuwa. Ni kwamba walikuwa na sheria yao.

Mbele kidogo ya hapo, kati ya 1946 na 1949, G.-F. de Witte, mtaalamu wa nyoka na vyura, aliongoza misioni ya kukusanya viumbe ndani ya Upemba. Matokeo yake yaliandikwa katika vitabu vingi sana, kitabu baada ya kitabu: mende, samaki, ndege, majani. Nilikwisha kushika kimoja wakati nilikuwa natafuta mambo ya memwari yangu, karatasi bado nyeupe kuliko za nota zetu. Ramani safi, michoro ya ajabu. Nikatafuta majina ya wale waliokuwa wanashika vile vyura usiku ndani ya maji. Hakuna. Juu ya jalada kuna de Witte. Waliobeba masanduku na kujua chura gani analalaka wapi, hawako.

Uhuru ukafika 1960, na kwetu ukafika na sesesio yake, kuanzia mwezi wa 7 1960 mpaka mwezi wa 1 1963. Sitaingia humo, tungelala hapa. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba mataifa yalibadilika, bendera zikabadilika, lakini walinzi wa parke, wale watu weusi wa mshahara mdogo, walibaki mahali pao pengi bila kujua nani atawalipa. Historia ya uhifadhi wa Kongo imeandikwa sana na wakubwa, lakini ilishikwa na bagardi.

Mobutu alipenda parke. Hili tuseme wazi. Tarehe 22/8/1969 akatoa sheria mpya ya uhifadhi, akamrudisha Mbelgiji Jacques Verschuren kuongoza institut, na mwezi wa 11 1970, mwezi mmoja tu, saini zikaunda parke nne: Salonga, Maiko, Kahuzi-Biega na Kundelungu yetu. Ndiyo, Kundelungu, kule kuna maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300, ambako wengi wenu mmepiga picha na kusema mko Uswisi. Mwezi mmoja, parke nne. Mnafikiri mikutano mingapi ilifanyika vijijini mbele ya mwezi ule?

Kisha ukaja mwaka 1975, mwaka ambao ningependa ufundishwe katika fakilte zote za agronomi. Mwezi wa 7 Serikali ilipanua Kahuzi-Biega, kutoka hektari 60.000 hivi mpaka 600.000. Batwa waliokuwa wanaishi katika msitu ule walijikuta nje, bila udongo, bila kitu. Miezi miwili tu baadaye, mwezi wa 9, dunia nzima ya uhifadhi ilikusanyika Kinshasa, katika mkutano mkuu wa 12 wa UICN. Mobutu mwenyeji, wageni wamevaa suti, wamekula vizuri. Na kule Kinshasa wakapitisha azimio zuri sana: kwamba serikali zisihamishe watu wa asili kwa sababu ya hifadhi, na zitafute njia ya kulinda udongo wao bila kuwanyang'anya haki yao juu yake. Lilipitishwa katika inchi iliyokuwa imetoka kufanya kinyume, na hakuna kilichotikisika. Batwa walingoja. Malalamiko yao yalifika mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na uamuzi uliowapa haki ulitangazwa mwaka 2024. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 50.

Ninaleta hii juu rafiki yangu aliniuliza "banatuitiaka nini". Jibu la kwanza la historia ni hili: mara nyingi wanaita ili ionekane walikuita. Azimio zuri na ushauri mzuri haviumizi mtu kama hakuna anayelazimishwa kuvifuata.

Lakini kuna jibu la pili, na hapa njo sheria ya 2002 inaingia. Kode ya misitu, sheria namba 011/2002 ya tarehe 29/8/2002, iliweka mabaraza ya ushauri ya misitu, moja la taifa na moja kwa kila jimbo. Mwaka 2006 ikafuata kanuni ya waziri juu ya namna yale ya majimbo yatakavyopangwa na kufanya kazi. Mara ya kwanza katika historia hii yote, meza ina nafasi ya mtu wa hapa ambaye si mtumishi wa serikali.

Na ndani ya sheria ile kuna maneno mawili madogo ambayo wengi wanapita juu yake: avis conforme. Wanasheria watanisahihisha kama naeleza vibaya, lakini mimi naieleza hivi. Kuna ushauri ambao mkubwa anakusikiliza, anasema "asante sana", kisha anafanya yake. Na kuna ushauri ambao bila huo mkubwa hawezi kusaini; kama baraza linasema hapana, saini haiko halali. Ili waziri aweke msitu fulani katika misitu iliyohifadhiwa, kode inataka ushauri wa namna hii ya pili kutoka baraza la jimbo, na kabla yake wakaaji wa pale waulizwe. Van Straelen na wenzake hawakuwahi kuhitaji ndiyo ya mtu wa Mitwaba. Leo, kwa karatasi, inahitajika. Kwa hiyo kile kiti si pambo. Kina meno, kama anayekikalia anajua kwamba kinayo.

Kwa karatasi, nimesema. Maana kule kwetu baraza linaweza kuwa na sheria na kukosa karatasi ya kuandikia. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Biro zikagawanywa, dosie zikatafutana, watumishi wakangoja kujua wako wa jimbo gani. Wakati huo huo, msituni, kulikuwa na haraka nyingine.

Mnajua ninazungumzia nini. Mukula.

Kwa ambao wametoka mbali: mukula ni mti wa miombo, Pterocarpus tinctorius, ukiukata unatoa maji mekundu kama damu. Unakua pole pole, na moyo wake mwekundu ndio unaotafutwa. Wazee walikuwa wanautumia kwa dawa na kwa rangi, bila fujo. Kisha China ikautaka kwa meza na viti vya kifahari, na katika miaka michache malori yakajaa njia ya Kasenga, mengine yakipita Kasumbalesa, mengine njia za porini, kuelekea Zambia na bahari. Sheria ilikuwa inasema ukataji wa kazi ya mikono ni wa Wakongo peke yao. Sawa. Kwa hiyo karatasi ilikuwa na jina la Mkongo, na msumeno ulikuwa na mwenyewe. Mwaka 2017 Zambia ilizuia malori ya mukula kwa mamia, mengi yakiwa yametoka kwetu. Na mwisho wa mwezi wa 11 2019 mti ule ukaingia rasmi katika orodha ya pili ya CITES, biashara yake ikaanza kudhibitiwa dunia nzima.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi, nilikuwa nafanya mazoezi ya porini upande wa Kasenga. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu miti. Siku ya tatu nikaanza kuhesabu visiki. Kijana mmoja wa kijiji alikuwa ananiongoza, yeye mwenyewe alikuwa amebeba magogo yale, alinionyesha mabega yake. Nikamuuliza chefu alipata nini. Akasema: "Balimupatia kinga na mifuko ya mchele." Nikamuuliza mbele ya kukata kulikuwa mkutano? Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, kulikuwa mkutano, watu waliandika majina, walikunywa, wakarudi nyumbani. Aliposema "waliandika majina" sikuelewa uzito wake. Nilikuja kuuelewa baadaye, kwa makosa yangu mwenyewe.

Nitaeleza bila kutaja mahali wala watu. Nimekwisha kumaliza lisansi, sina kazi, naitwa nikawe mwandishi wa mkutano fulani wa ushauri juu ya eneo fulani. Nilifurahi, nikaazima koti. Dosie ilitufikia asubuhi ile ile, kurasa nyingi, kifaransa kizito. Pembeni yangu kulikuwa chefu mmoja mzee ambaye alikuwa anaishika juu chini, si kwamba hana akili, ni kwamba hakuna aliyemsomea. Ramani haikuwako, walisema printa imeharibika. Tulizungumza saa mbili. Mzee alisema kitu kimoja tu, kwa kiswahili chetu: "Kuko mutoni kwetu mule ndani." Nikaandika: le chef a remercié les organisateurs. Ni kweli alikuwa ameshukuru pia, mwanzo. Lakini mto wake sikuuandika, juu sikujua niuweke wapi, na mwenye kuongoza alikuwa anaangalia saa. Kisha tukatia saini katika listi ya waliofika, tukapewa bahasha.

Miezi iliyofuata rafiki alinionyesha dosie iliyopitishwa. Mwishoni kuna nyongeza: "wakaaji wameulizwa na wamekubali". Ushahidi wake ni ile listi. Saini yangu iko mstari wa nne, nzuri, ya mtu aliyesoma. Ya mzee ni alama ya kidole, chini kidogo ya yangu.

Ile listi ya kuhudhuria njo nilikuwa nataka kumwambia rafiki yangu usiku ule, na sikuthubutu kwa simu. Kukaa na kukubali, kwa wale wanaopanga mikutano, vinaweza kuwa kitu kimoja. Kama unakataa na haikuandikwa katika ripoti, ulikubali. Kwa hiyo nilimuandikia mambo machache ya kizee. Omba dosie siku kumi mbele. Wakikosa, sema kwa sauti kwamba hukupewa, na omba liandikwe. Usianze bila ramani. Kama chefu anasema mto, andika mto, jina lake, na unatoka wapi. Na mbele ya kusaini listi, andika pembeni ya jina lako neno "présent", ili saini yako iseme kwamba ulikuwapo na isiseme kitu kingine.

Wengine watasema nafanya vita na uhifadhi. Hapana. Mimi ni mtu wa miti, nalala nikiota miombo. Naona pia kwamba Lusinga, stesheni ya Upemba, imeshambuliwa na Mai-Mai zaidi ya mara moja, na bagardi wamekufa wakilinda zebra ambazo Serikali yenyewe ilikuwa imezisahau. Tangu 2017 kuna washirika wapya wanaosaidia ICCN kule Upemba na Kundelungu, na kazi inaonekana. Lakini parke iliyopimwa na macho ina adui katika kila kijiji kinachoizunguka, na hakuna bunduki za kutosha kwa mpaka mrefu vile. Mwaka 2014 inchi yetu ilipata vyombo viwili ambavyo van Straelen asingeviota: sheria mpya ya uhifadhi ya tarehe 11/2, ambayo inataka watu waulizwe mbele ya kuunda hifadhi, na amri ya tarehe 2/8, ambayo inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake mpaka hektari 50.000. Ukiwa ndani ya baraza na hujasoma hizi mbili, heri uwaachie kiti wengine.

Rafiki yangu alikwenda. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa wiki iliyopita. Alinipigia tena usiku, safari hii nilikuwa nangoja. Akaniambia aliomba ramani. Wakamwambia printa imeharibika. (Ile printa, bandugu, siku moja tuizike na heshima.) Akasema basi wachore katika ubao. Hakuna aliyeweza kuchora. Kimya. Kisha mama mmoja aliyeletwa kutoka vijijini, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi, akasimama, akachukua chaki, akaanza na mto.

"Na franga ya transpori?" nikamuuliza.

"Balisema itakuja ku mukutano ya pili," akajibu. "Ile karte ya mama haiyaisha. Minarudia."